Karama haimkingi mwenye nayo na majaribu: tuzungumze, Wakristo wa Unguja na Pemba

Mwana wa Mkunazini

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nimeona nilete uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo tunalinong'ona kila mara mtumishi mmoja anapoanguka, kisha tunalifunika mpaka aanguke mwingine. Swali linalosikika nje ya kanisa baada ya ibada ni lile lile: "Imekuwaje mtu mwenye upako namna ile akashindwa na jambo kama hili?" Mimi naona kasoro imo ndani ya swali lenyewe, kwa kuwa linachukulia kwamba karama ni kinga, na kwamba aliyejaliwa kuhubiri, kuombea wagonjwa, kuimba au kufundisha amekwisha kuvuka pale ambapo sisi wengine bado tunajaribiwa. Ninachotaka kukitetea hapa ni hiki: karama hupewa mtu kwa ajili ya wenzake, lakini kinachomshika yeye mwenyewe asianguke ni neema ile ile inayomshika muumini anayekaa benchi la nyuma na ambaye hakuna anayelijua jina lake. Kanisa likilisahau hilo, humwacha mtu wake mwenye karama peke yake mbele ya adui, huku likimpigia makofi.

Tazameni kanisa la Korintho. Mwanzoni kabisa mwa waraka wa kwanza, Mtume Paulo anakiri kwamba hawakupungukiwa na karama yo yote. Lakini ukifika sura ya tatu anawaambia kuwa bado ni watu wa mwilini, wenye husuda na fitina. Sura ya tano anataja zinaa ambayo hata mataifa waliiona aibu. Sura ya sita wanashtakiana mbele ya mahakimu wasioamini. Sura ya kumi na moja wanakutana kwenye meza ya Bwana, na huyu ana njaa na yule amelewa. Hao ndio hao hao waliokuwa wakinena kwa lugha na kutoa unabii. Linalonitia hofu kila ninapousoma waraka huu ni kwamba Paulo hawaambii kuwa karama zao ni za uongo. Anazikubali kuwa zimetoka kwa Roho, kisha anawakemea kwa ukali ule ule. Maana yake ni kwamba karama ya kweli inaweza kukaa ndani ya mtu ambaye maisha yake yameoza, na ikaendelea kufanya kazi kwa muda. Samsoni alikuwa bado na nguvu siku aliyoanza kulala mapajani mwa Delila, na kwa kuwa nguvu zilikuwepo hakuona sababu ya kujihoji. Siku nguvu hizo zilipoondoka, Kitabu cha Waamuzi kinasema hakujua ya kuwa Bwana amemwacha.

Sasa tumwangalie Bwana wetu mwenyewe jangwani, kwa sababu naamini hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Tumezoea kuhubiriwa kwamba jaribu la kwanza lilikuwa la njaa. Njaa ilikuwepo, maana alikuwa amefunga siku 40, lakini mtu mwenye njaa asiye na uwezo hawezi kujaribiwa kwa namna ile. Hakuna atakayenijia mimi na kunishawishi niyaambie mawe yawe mikate, kwa kuwa siwezi. Jaribu lile liliwezekana kwa sababu aliyejaribiwa alikuwa na uwezo kamili wa kulifanya lile aliloambiwa. Lilikuwa ni jaribu la mwenye karama: chukua ulichopewa, ujihudumie mwenyewe. Alikataa. Baadaye, katika jangwa lingine, aliwaona watu wapatao elfu tano wana njaa, akatwaa mikate mitano akawalisha wote wakashiba. Uwezo aliokataa kuutumia kwa tumbo lake aliutumia kwa matumbo ya wengine bila kusita.

Hapa kwetu tulipata mtu aliyelitafakari jambo hili kwa kina. Frank Weston, ambaye alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924, aliandika akiwa bado anakiongoza chuo cha misheni cha Kiungani, hapa Unguja, juu ya namna Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka alipoutwaa ubinadamu wetu, akaishi ndani ya mipaka hiyo kwa hiari na kwa utii, siku zote akimtegemea Baba. Kama yeye ambaye vyote ni vyake hakuishi kwa kujitegemea, basi sisi ambao hatuna hata kimoja tusichokipokea tunaupata wapi ujasiri wa kuishi kwa kuzitegemea karama zetu?

Na angalieni mpangilio wa matukio. Kabla ya kwenda jangwani Yesu alibatizwa Yordani, na sauti ikatoka mbinguni ikisema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Alikuwa bado hajaponya mtu wala hajahubiri hata hotuba moja katika Injili ya Mathayo. Kupendwa kulitangulia kazi. Ndiyo maana Ibilisi alianza na maneno "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu", akitaka kumfanya Yesu athibitishe kwa matendo jambo ambalo Baba alikwisha kulisema bure. Watumishi wengi, kwa mtazamo wangu, huangukia papo hapo: wanaanza wakijua kuwa wamependwa bure, kisha taratibu wanageuka kuwa watu wa kujithibitisha kwa ishara, kwa idadi ya waliohudhuria, kwa kelele za "Amina". Siku ishara zinapopungua, wanatafuta faraja mahali pengine.

Sisi wa visiwani tunalo jambo letu la pekee. Tu wachache. Usharika mmoja hapa Unguja, na zaidi huko Pemba, waweza kumtegemea mtu mmoja kwa kila kitu: yeye ndiye mhubiri, ndiye mwombeaji, ndiye mpatanishi wa ndoa, ndiye anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa. Tunampenda, na kwa kumpenda tunamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ila kinachoniumiza zaidi ni kwamba tunamnyima nafasi ya kupokea. Nani anamwombea yeye? Nani anamwuliza kama amelala, kama anasali mwenyewe faraghani, kama nyumbani kwake kuna amani? Tukiona amechoka tunasema, "Bwana atamtia nguvu," tunaenda zetu.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Tunaoabudu pale Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana la mjini, tunaabudu katika uwanja ambao watu waliuzwa. Soko lile la watumwa lilifungwa 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa ambalo Askofu Edward Steere alilisimamia. Madhabahu imesimama mahali panaposimuliwa kuwa ndipo ilipokuwa nguzo ya kuwachapia watumwa. Mahali ambapo binadamu alitiwa bei, sasa tunanyosha mikono mitupu tupokee Mwili na Damu ya Bwana bila ya bei. John Swedi alikuwa miongoni mwa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa Askofu Tozer, aliyemtangulia Steere, 1864, na mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi. Mtu kama huyo hakuhitaji kufundishwa kwa maneno mengi kwamba utumishi ni kitu cha kupewa. Kwa hiyo nikisikia mahali kwamba maombi yana kiwango cha sadaka, au kwamba chupa ya mafuta ina bei kwa sababu aliyeyaombea ana upako, namkumbuka Simoni wa Samaria aliyetaka kuwapa mitume fedha, na jibu la Petro: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Katika kisiwa hiki, kuliko mahali pengi, tungepaswa kulisikia neno hilo likituuma.

Karibuni. Naomba tujadili kwa utulivu, na tusitaje mtu wala kanisa.

Mwalimu wa Weti

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Nimekusoma kwa makini, na mengi uliyoyaandika nayakubali, lakini kuna mahali naona umeegemea upande mmoja. Mimi ni wa kanisa la Kipentekoste hapa Pemba, na nimewaona watu wakifunguliwa kwa maombi ya watumishi wenye karama. Ukisema karama inaweza kukaa ndani ya mtu mwovu, waumini wachanga wataanza kuziogopa karama zote, au kuzidharau, na Mtume amesema waziwazi, "Takeni sana karama za rohoni." Pili, kama karama si dalili ya utakatifu, sisi tulio wachache, tusio na wazee wengi wa kutuongoza, tutamtambuaje mtumishi wa kweli pale mgeni anaposhuka bandarini Mkoani na Biblia mkononi, akaomba nafasi ya kuendesha mkutano wa siku tatu?

Mwana wa Mkunazini

Mwalimu wangu, ahsante, na umenirekebisha kwa haki. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akiiogopa karama. Karama ni njema, nasi tunaihitaji, na anayeizima anamzuilia jirani yake kitu ambacho Mungu alikusudia kimfikie. Lakini tazama Paulo alipouweka wimbo wake wa upendo: ameuweka katikati ya waraka ule ule wa kwanza kwa Wakorintho, baina ya sura ya 12 inayozitaja karama na sura ya 14 inayozipangia utaratibu. Hakuuweka hapo kwa ajili ya harusi, ingawa tunausoma sana harusini. Aliuweka hapo kwa sababu lugha za wanadamu na za malaika, unabii, maarifa yote na imani ya kuhamisha milima, vyote hivyo vyaweza kuwepo na mtu akawa si kitu.

Kuhusu mgeni anayeshuka Mkoani, Bwana ametupa kipimo chenyewe: "Mtawatambua kwa matunda yao." Na aya chache mbele yake anawataja watakaosema siku ile kuwa walitoa unabii, walitoa pepo na kufanya miujiza kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Kwa hiyo miujiza haikuwa ndiyo matunda aliyoyataka. Tunda huchukua muda, nanyi Wapemba mliozoea kuisubiri mikarafuu mpaka msimu wake hamhitaji kuambiwa na mtu wa mjini jinsi ya kungoja. Mkutano wa siku tatu hautoshi kumjua mtu. Muulizeni anatoka kwa nani, nani anamwonya akikosea, na kama kuna mahali anapokaa chini akafundishwa. Asiye na mtu wa kumwonya, hata kama wagonjwa wanainuka, mimi nisingemkabidhi mimbari.

Sauti ya Pili

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwimbaji hapa Mwanakwerekwe, na nimeguswa hasa na yale maneno kwamba tunamnyima mwenye karama nafasi ya kupokea. Katika kwaya moja niliyowahi kuimba alikuwepo dada mwenye sauti ambayo akiianza tenzi kanisa zima linanyamaza. Alipata ujauzito nje ya ndoa. Watu waliokuwa wakimwomba aimbe kwenye kila arusi na kila msiba waliacha hata kumsalimia sokoni, na kijana aliyehusika, ambaye naye alikuwa mtumishi, alihamia Bara na anaendelea na huduma yake. Dada yule hakuambiwa asije kanisani. Aliachwa tu, mpaka akaacha kuja. Nimekuwa nikijiuliza kama tulimpenda yeye au tuliipenda sauti yake. Naomba mleta uzi atuambie Maandiko yanasemaje juu ya kumrudisha mtu kama huyo.

Mwana wa Mkunazini

Marahaba, dada yangu. Swali lako la mwisho, kama mlimpenda yeye au sauti yake, ningependa lisomwe kwa sauti katika kila mkutano wa wazee wa kanisa.

Wagalatia sura ya sita inajibu bila kuzunguka: mtu akighafilika katika kosa lo lote, ninyi mlio wa Roho mrejezeni kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe. Kazi ya kumrejeza ameipewa yule aliye wa Roho, maana yake ndiyo kipimo cha ukomavu wetu. Na huyo anayemrejeza mwenzake ameonywa kwamba yumo katika hatari ile ile. Hapo hakuna anayesimama juu ya ukingo akimwangalia mwingine kisimani. Na kuhusu kijana aliyevuka bahari akaendelea na huduma, naye hakutendewa wema. Kumwacha mtu aendelee na karama yake bila kuguswa ni kumnyima toba. Huyu dada alinyimwa mapokezi na yule kijana akanyimwa maonyo, na wote wawili wamekosa kile kile.

Kama mnajua anapoishi, nendeni. Msiende na ombi la kumrudisha kwaya. Nendeni mkamwone, mkamshike mtoto wake, mkae naye. Habari ya kuimba itakuja siku nyingine kama itakuja.

Mhudumu wa Nungwi

Nawasalimu wote. Mimi sina karama yo yote ninayoijua, kwa hiyo sijui kama uzi huu unanihusu. Nimetoka Bara kuja kufanya kazi ya hoteli, familia yangu iko mbali, na Jumapili nyingi niko zamu. Hapa hakuna anayenijua. Vinywaji vipo kila siku, upweke upo kila usiku, na mambo mengine sitayaandika. Nafunga, naomba, naahidi kwamba sitarudia, kisha narudia. Nimefika mahali naona aibu hata kuomba, kwa sababu nahisi Mungu amekwisha kunichoka. Mnanishauri nini?

Mwana wa Mkunazini

Ndugu yangu, uzi huu unakuhusu wewe kuliko mtu mwingine. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Kwanza, kujaribiwa si dhambi. Waraka kwa Waebrania unasema kuhani wetu mkuu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi, na kwa sababu hiyo hiyo unatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji. Wakati wa mahitaji ni pale jaribu linapokuwa limekubana, na pia pale unaponuka kushindwa. Aibu inakuambia ungoje mpaka uwe safi ndipo uombe. Ukiitii, utangoja milele, maana unangoja nje ya mahali pekee penye maji.

Pili, umeandika kwamba unaahidi. Naomba uache kuahidi kwa muda na uanze kuomba kupewa. Augustino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimwomba Mungu ampe kwanza kile anachokiamuru, ndipo aamuru apendavyo. Pelagio, mwalimu wa dini wa wakati huo huo, alipoyasikia maneno hayo yakisomwa alichukizwa, akaona yanawafanya watu wavivu, kwani yeye alifundisha kuwa mtu akitaka kwa dhati anaweza kuishika amri. Mabishano yao yalilishughulisha kanisa miaka mingi, na maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago 418 wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Wengi wetu tukikiri imani tuko na Augustino, ila usiku tunapopambana na dhambi tunaishi kama wanafunzi wa Pelagio: tunakaza meno, tunaapa, tunaanguka, tunaapa tena kwa sauti kubwa zaidi. Bwana alisema, "Pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote," na hakuiondoa vita yako katika maneno hayo.

Tatu, Paulo anasema pamoja na jaribu Mungu hufanya mlango wa kutokea. Mara nyingi mlango huo ni mtu. Hapo hotelini, naamini, wewe si Mkristo pekee. Mtafute mmoja, mwambie ukweli, mkubaliane kusali pamoja kabla ya zamu hata kwa dakika chache. Mkiwa na wa tatu, ni heri. Ukipata siku ya mapumziko, panda gari uje mjini, umwone padri au mchungaji, uungame kwa kinywa chako na usikie kwa masikio yako kwamba umesamehewa. Sisi Waanglikana wa Zanzibar tumerithi desturi ya maungamo, na nasikitika kwamba wengi wameiacha kwa kuona haya. Na kama pombe imekwisha kukushika mwili, nenda pia hospitali. Kutibiwa si upungufu wa imani.

Fundi wa Fuoni

Nimefuatilia kimya kimya, lakini hapa lazima niulize. Neema, neema, neema. Je, hamwoni kwamba mtu atasema, "Basi nitende dhambi, neema itanishika"? Na mtumishi ambaye yumo katika dhambi ya siri aendelee kusimama madhabahuni kwa kuwa karama bado inafanya kazi? Tusije tukafungua mlango tusioweza kuufunga.

Mwana wa Mkunazini

Fundi, swali lako aliulizwa Paulo, na jibu lake katika Warumi 6 ni "Hasha!" Mtu anayefundishwa neema kwa ukweli haambiwi kwamba dhambi ni nyepesi. Anaambiwa kwamba ni nzito kiasi ambacho yeye hawezi kuibeba wala kuivunja, na kwamba aliyeivunja alimwaga damu. Waraka kwa Tito unasema neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia. Anayeitumia neema kama ruhusa, hiyo aliyoishika si neema.

Kuhusu mtumishi, nitofautishe watu wawili. Yuko anayejaribiwa vikali, anaungama, anapambana, ana watu wanaomjua. Huyo aendelee kuhudumu, na udhaifu wake usimfanye ajitenge. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondoke, haukuondoka, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha; maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu," naye hakuacha kuhubiri. Yuko na mwingine anayeishi katika dhambi ya siri na amekwisha kupatana nayo. Huyo ashuke madhabahuni, na kama hashuki mwenyewe, wenye mamlaka wamshushe, kwa ajili ya walioumizwa naye kwanza, na kwa ajili yake pia. Ila akishashuka asiachwe. Apangiwe mtu wa kumtembelea, mke na watoto wake waangaliwe riziki zao, na asiharakishwe kurudi eti kwa sababu mikutano imepoa bila yeye. Hilo la mwisho ndilo linalotushinda sana, kwa sababu tunaitamani karama yake kuliko uponyaji wake.

Petro alipomkana Bwana mara tatu, alikuwa amekwisha kuombewa kabla hajaanguka: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Napendekeza tuanze hapo, Fundi. Tusiwangoje watumishi wetu waanguke ndipo tukeshe kwa ajili yao. Kwenye jumuiya yetu ya huku mjini nitaomba Ijumaa hii tumwombee kila anayehudumu, kwa jina lake, na baada ya maombi mmoja wetu amwendee kila mmoja amwulize hali yake na amsikilize. Mwalimu wa Weti, kama mtaweza kufanya hivyo huko nanyi, nijulishe mmeonaje.

Mwalimu wa Weti

Tutaanza na mchungaji wetu. Hajawahi kuombewa na sisi tangu aletwe hapa, na nimeandika hivyo nikiona uzito wake.